Sahani ya halali Kasulu: Tunalipia nini hasa?

Mwezi uliopita binti yetu mkubwa alipangiwa shule ya kidato cha tano, mbali na mkoa wetu wa Kigoma. Kabla hajaondoka, mama yake aliomba jambo ambalo katika miaka 19 ya ndoa yetu hajapata kuliomba: siku moja twende sote tukale nje, naye asikoke moto. Ndugu msomaji, nyumba nyingi za Kiislamu hapa Kasulu hazina desturi hiyo. Chakula cha nje kwetu ni cha walima, cha akika, cha hitima, au cha safarini pale basi linaposimama na dereva akasema dakika kumi. Mgahawa tumeuachia wageni na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Lakini ombi lilikuwa la haki, na mafunzo ya Bwana Mtume (s.a.w.) yanaihesabu fedha anayoitumia mtu kwa ahali yake kuwa miongoni mwa zenye ujira mkubwa. Nikaitikia.

Tulikwenda kwenye mgahawa unaojulikana mjini kuwa ni wa Kiislamu. Ni pasafi, pana sehemu ya kutawadha na pazia la kuwasitiri akina mama. Pilau ya kuku ilikuwa shilingi 7,000 kwa sahani. Watoto wetu wawili wadogo hawamalizi hata nusu ya sahani ya mtu mzima, lakini nusu sahani haikuwapo. Tulikuwa watu sita. Nikajumlisha kimoyomoyo: shilingi 42,000, kabla ya juisi na maji. Nilipoinua macho nikamkuta mama watoto naye anaisoma karatasi ya bei. Mhudumu alipofika, yeye akawahi kusema, "Waletee watoto na baba yao. Mimi nimeshiba."

Ilikuwa saa nane mchana, na hakuwa ametia kitu kinywani tangu uji wa asubuhi. Nilimsihi, akatabasamu na kukataa. Basi siku iliyokusudiwa kwa ajili yake, yeye peke yake ndiye aliyerudi nyumbani bila kula, na jioni akakoka moto kama kawaida.

Milango mitatu tu kutoka hapo pana mgahawa mwingine ambako wali kwa nyama ya ng'ombe ni shilingi 3,500, nusu kamili ya ile tuliyolipa. Wakati tunapita ulikuwa umejaa watu. Hatukuingia kwa sababu nyuma yake kuna baa, na jioni jiko lilelile hukaanga kitimoto. Hesabu hiyo ilinikaa kichwani usiku kucha. Niliona kana kwamba tumetozwa shilingi 3,500 za ziada kwa kila kichwa, kwa kosa la kuwa Waislamu.

Baada ya siku chache nikarudi peke yangu kumwuliza mwenye mgahawa. Nakiri nilikwenda na hasira, nikidhani ndugu yetu anatuchuma kwa jina la dini. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ustadhi, jirani yangu hapati faida kwenye wali. Faida yake iko kwenye bia. Wali ni wa kumkalisha mteja tu. Mimi sina bia. Nina wali, na wali ndio unaolipa pango."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Akaendelea kunieleza kwamba mwezi mzima wa Ramadhani hafungui mchana, ila pango halifungi. Ijumaa anafunga kwa ajili ya swala saa ileile ambayo mji mzima unatafuta chakula. Sisi Waislamu wa hapa si wengi, na hao wachache wanakula nyumbani. Wateja wake ni wa kuhesabika, na kodi, umeme, mkaa na mishahara vyote vinagawanywa juu ya sahani za hao wa kuhesabika. Kuku naye hanunui waliokwisha kuchinjwa. Ananunua walio hai na kumlipa mtu wa kuwachinja. Nilipotoka hasira ilikuwa imekwisha, ingawa bei ilikuwa ileile.

Na jambo hili si letu peke yetu. Mayahudi wa New York, wanaoshika sharia yao ya chakula kiitwacho kosher, wana manung'uniko haya haya kuhusu migahawa yao. Sharti lao ni zito kuliko letu: nyama haikutani na maziwa, hata vyombo vyake ni mbali mbali, nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke, na lazima awepo msimamizi wa dini anayekagua jiko, ambaye naye ana ujira wake. Juu ya hayo hufunga tangu jua la Ijumaa linapozama hadi usiku wa Jumamosi, yaani usiku uleule ambao migahawa mingine ya mji huvuna. Gharama zote hizo humfikia mlaji mezani. Mwenye sharti katika chakula chake hulibeba sharti hilo mfukoni pia, awe Manhattan au Kasulu.

Hata hivyo nilijiuliza: katika zile shilingi 7,000, ni kiasi gani ni sharti la dini, na ni kiasi gani ni mazoea yetu tu?

Tuanze na ng'ombe. Kwa desturi ya miaka mingi hapa Tanzania, kazi ya kuchinja katika machinjio ya umma hufanywa na Waislamu, ili nyama ya buchani iweze kuliwa na wote. Desturi hiyo imewahi kupingwa, na mwaka 2013 mkoani Geita mgogoro wa kuchinja uligharimu uhai wa mtu. Kwa hiyo nawaomba wanaouliza habari za nyama waulize kwa adabu na kwa sauti ya chini, wala wasimtuhumu mtu mbele ya wateja wake. Lakini maadamu desturi hiyo ipo, mara nyingi nyama ya ng'ombe ya mgahawa wa shilingi 3,500 na ya ule wa kwetu zimetoka kwa mchinjaji mmoja, asubuhi moja.

Kuku ni habari nyingine. Kuku wa mgahawani haendi machinjioni. Huchinjwa nyuma ya jiko, na yeyote aliye karibu na kisu, mara nyingi kijana wa kuosha vyombo, saa ambayo mteja amekwisha kuagiza. Ajabu yetu ni kwamba tunahojiana sana kuhusu ng'ombe, ambaye njia yake inajulikana, kisha tunawanunulia watoto chipsi kuku kituo cha mabasi bila swali lolote. Na mafuta ya kukaangia, je? Nani amewahi kuuliza kikaango kile jana usiku kilikaanga nini?

Sisemi haya ili kumtia mtu wasiwasi. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama walizoletewa na watu waliokuwa wageni katika Uislamu, wasijue kama zilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Aliwaelekeza wao wenyewe walitaje jina Lake na wale. Hapo tunajifunza kutopekua yaliyofichika. Kikaango ulichokiona kwa macho yako kimebeba nguruwe ni jambo jingine. Mimi si mufti. Katika mipaka ya hapo mwulize sheikh wako.

Kisha kuna samaki, na hapa ndipo ninapotuona sisi wa mkoa huu kuwa watu wa ajabu. Ziwa Tanganyika liko hapo chini. Dagaa na migebuka hutufikia sokoni kila siku. Samaki hachinjwi, Surat al-Maida aya ya 96 imetuhalalishia kivuliwacho baharini, na wanazuoni wameingiza humo maziwa na mito. Maharage ya Kasulu yanasafirishwa kwenda miji ya mbali. Muhogo ni wetu, ndizi ni zetu, mawese ni ya mkoa wetu. Chakula ambacho hakihitaji mchinjaji wala shaka ndicho kilicho tele na rahisi kuliko vyote hapa, na ndicho ambacho hukikuti kwenye karatasi ya bei ya mgahawa wa Kiislamu. Pale kuna pilau ya kuku, biriani, na kuku wa kuchoma.

Sababu, kwa maoni yangu, ni sisi wateja. Mwanamume akiitoa familia yake nje anaona haya kuwaagizia dagaa, kwa kuwa dagaa wako nyumbani. Anataka aonekane amekula kuku. Surat al-A'raf aya ya 31 imetukataza israfu katika kula na kunywa, nasi tumeielewa kuwa ni kumwaga chakula tu. Kumlisha kuku mtu mmoja ili mwingine mezani aseme ameshiba, sijui tukuite nini.

Nilimwambia ndugu yetu mwenye mgahawa aweke dagaa na maharage, aweke na nusu sahani ya watoto. Akacheka. Alisema aliwahi kuweka dagaa, Waislamu wenzake wakamwuliza kama amefilisika. Nusu sahani ameahidi kuifikiria, nami nitamkumbusha kila Ijumaa, inshaallah.

Jumamosi ya mwisho kabla binti hajasafiri nilimwomba mama watoto tutoke tena. Alinitazama kwa mashaka. Nilikuwa nimeulizia na kuelekezwa kwa dada mmoja mama lishe, Mwislamu mwenzetu, mwenye banda karibu na soko. Hana pazia wala karatasi ya bei. Bei unaambiwa ukiuliza: ugali wa muhogo kwa dagaa wa mawese, au wali kwa maharage na mchicha, shilingi 2,500. Tuliketi wote sita kwenye benchi mbili. "Hawa wadogo nawapimia nusu, baba," alisema kabla sijafungua mdomo, na nusu ilikuwa shilingi 1,000. Jumla nililipa shilingi 12,000.

Mama watoto alichukua ugali na dagaa. Alikula taratibu hadi mwisho, akaomba mchuzi wa kuongezea, akaongezewa bila malipo. Tulipomaliza akainuka, kwa mazoea ya mikono, akaanza kukusanya sahani zetu. Mama lishe alizipokea kutoka mkononi mwake.

"Kaa, dada," alimwambia. "Leo zamu ni yangu."