Pengo la sukari lipimwe kabla ya masika

Mwenye duka la rejareja Bagamoyo hana habari na siasa za New Delhi, lakini mapema mwaka 2024 wateja wake walizilipia. India, kwa kutaka bei ibaki nafuu kwa walaji wake, ilikuwa imebana sukari isitoke nje. Novemba 2023 sukari ghafi katika soko la New York ilifika kiasi cha senti 28 za Marekani kwa ratili, bei ambayo haikuonekana tangu 2011. Hapa nyumbani mvua za El Niño zikazuia ukataji wa miwa, na kilo ikavuka shilingi 4,000 katika sehemu nyingi za nchi.

Hali hii si ngeni. Februari 2016 Rais Magufuli alipiga marufuku kuingiza sukari bila kibali chake ili kulinda viwanda. Miezi michache baadaye sukari ikaadimika madukani. Mwaka huohuo ukafutwa mradi wa EcoEnergy, uliotarajiwa kuleta kiwanda kikubwa Bagamoyo. Yaani mlango wa nje na wa ndani vilifungwa pamoja. Kiwanda cha Bakhresa, Makurunge, kilianza uzalishaji mwaka 2022.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ya nje ni asilimia 100. Unamfaa mwekezaji, ila upungufu ukizidi hutolewa vibali vya kufidia pengo kwa ushuru nafuu. Kwa miaka kadhaa vibali hivyo walipewa wenye viwanda: anayefaidi bei ikipanda ndiye aliyetumwa kuishusha! Na kibali kikichelewa, magendo hayachelewi. Bandari bubu za Mlingotini na Saadani zipo jirani na Zanzibar, ambako sukari ya nje huingia kwa utaratibu wake. Doria hukamata magunia machache, tofauti ya bei hubaki palepale.

Mwaka 2024 Bunge liliiruhusu NFRA kununua na kuhifadhi sukari. Ni uamuzi mzuri, mradi manunuzi yafanyike mapema, kabla viwanda havijasimama kwa mvua za masika. Meli ikitia nanga Juni, mzigo wake unakutana na msimu mpya wa kusaga, na mkulima mdogo wa Kilombero anabaki na miwa shambani. Naye mwenye duka wa Bagamoyo asifungie mtaji wote kwenye sukari mwezi Aprili. Shehena moja ikishushwa Dar es Salaam, bei inaweza kuanguka kabla hajamaliza gunia la kwanza.