Kishindo Chini ya Pikapu

Je, pikapu yako kuukuu hulia 'ko!' kila uachiapo klachi, au utokapo rivasi kuingia gea ya kwanza? Usikimbilie kununua difu. Aghalabu mkosaji ni kile kiungo cha msalaba kwenye propela, ambacho bei yake haikaribii ya difu hata kidogo.

Egesha mahali tambarare, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na usiache gari kwenye gea. Ingia chini, ushike propela na kuizungusha huku na huku. Pande mbili za kiungo zikicheza kila moja kivyake, kimekwisha. Vumbi jekundu la kutu kandokando yake ni ushahidi kwamba grisi iliisha kitambo. Kiungo kikiwa imara, kaza kwanza nati za bolti zinazoshika springi za nyuma. Difu ishuku baadaye.

Fundi akitaka kuifungua propela, mwambie atie alama ili irudishwe ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. (Wengi hupuuza hili, kisha husingizia tairi.)

Wala usingoje mwisho wa mwezi. Kiungo cha mbele kikikatika ukiwa mbioni kuelekea Mombasa na jamaa yako ndani, propela yaweza kuanguka, ikachimba lami na kulipindua gari.