Usimamizi wa Miradi na Lugha ya Wenye Miradi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatosha kuwa somo la kwanza la usimamizi wa miradi, taaluma inayofundishwa sasa katika shahada ya kwanza na vyuo vikuu kadhaa nchini Kenya. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge ianzishwe mwaka wa 2003, na serikali za kaunti mwaka wa 2013, miradi ya zahanati, madarasa na visima imesambaa mashinani. Si ajabu basi kwamba vijana wanaimezea mate shahada hii.

Wapo wanaoipinga. Hudai kuwa kijana asiye na ujuzi wa ujenzi, kilimo wala afya hana mradi wa kusimamia. Heri taaluma hii iachiwe shahada ya uzamili. Hoja hiyo ina uzito, ila haijagusa kiini cha tatizo. Kupanga ratiba, kukadiria gharama na kuchora chati ya Gantt ni mambo ambayo kijana aweza kuyamudu. Anachokosa ni lugha ya kuzungumza na wenye mradi.

Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ni funzo tosha. Kilijengwa kwa ufadhili wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika jamii ambayo aghalabu hutegemea ufugaji. Gharama ya kugandisha samaki katika joto lile ilizidi faida, na mitambo ikanyamaza muda si muda. Fedha na michoro ilikuwapo. Kilichopungua ni kuwasikiliza wenyeji.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 7 nacho kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa miradi husomeshwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa barazani kueleza bajeti, zabuni na tathmini mbele ya wazee na akina mama. Huko hubabaika na kuchanganya ndimi, nao wananchi hupiga makofi kwa jambo wasilolielewa. Makofi hayo huandikwa katika ripoti kuwa ni idhini!

Kwa mintarafu hii, idara za Kiswahili zisijitenge. Ziandae somo la mawasiliano ya miradi, na zikusanye istilahi ambazo hadi sasa kila ofisi hujitungia yake. Wanafunzi wa Kiswahili nao wajifunze misingi ya miradi, kwani hata kongamano la chama lina bajeti, ratiba na wadau.

Msimamizi asiyeweza kumweleza mama wa kijijini jinsi fedha za kisima zilivyotumika, hata awe na shahada ya daraja la kwanza, daftari lake bado ni tupu.