Shafti ya Mashine ya Kusaga



Mashine ya kusaga mahindi ina shafti. Hiki ni chuma cha mviringo kinachozunguka. Shafti hushikwa na beringi. Ikikaa vibaya ndani ya beringi, mtakosa unga.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Shafti ya mashine ya kijiji kimoja ilikatika. Nilimwandikia fundi: "Kereza shafti ya milimita 40." Fundi alikereza, akapima kwa rula. Beringi iliingia kwa mkono, laini kabisa. Tulifurahi. Baada ya wiki tatu beringi ilipata moto sana na shafti ikalika. Akina mama walianza tena kwenda kusaga kijiji cha mbali, mahindi kichwani. Fedha ya kijiji ilikuwa imekwisha.

Msimlaumu fundi. Mimi sikumwambia shafti izidi kiasi gani. Hakuna fundi awezaye kukereza milimita 40 kamili. Chuma huzidi au hupungua kidogo. Kwa hiyo wahandisi huandika mipaka miwili.

Gawa milimita moja mafungu 1,000. Kwa shafti ya namna ile, mipaka itumikayo sana ni hii: izidi milimita 40 kwa mafungu 2 hadi 18 tu. Unywele wa kichwa una unene wa kama mafungu 70! Rula haiwezi kupima hayo. Fundi atumie maikromita.

Shafti ikiwa nyembamba, huzunguka ndani ya tundu la beringi na kulika. Ikizidi mno, gololi za beringi hubanwa, nazo hupata moto. Wengine huzungushia shafti kipande cha debe ili ibane. Haidumu.

Tena shafti yaweza kuwa na unene sawa, lakini imepinda kwa kugongwa nyundo. Mwambie fundi aizungushe polepole kwenye mashine ya kukerezea. Shikeni ncha ya msumari karibu nayo. Nafasi ikipanuka na kupungua, shafti imepinda.

Mwendapo kwa fundi, chukueni beringi mpya. Andikeni mipaka yote miwili kwenye karatasi. Apime mbele yenu kabla hamjalipa.

Kijiji kile kilichanga tena. Safari hii beringi ilikataa kuingia kwa mkono. Fundi aliipasha moto ndani ya mafuta, ikapanuka, ikaingia. Ilipopoa ikabana.