Tusiwaue mbwa, tuwachanje

Wadau, kila mtu aking'atwa na mbwa mtaani, wimbo huwa ni ule ule: mbwa koko wauawe! Siku mbili tatu risasi zinalia, mizoga inazolewa, watu wanapongezana, basi. Mimi nasema tunajidanganya.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa akikung'ata, kirusi hupita taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, na huo ndio muda wa kuokoa maisha. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa.

Kwa nini kuua hakusaidii? Kwa sababu wengi wa hao tunaowaita koko wana wenyewe, ila wanafunguliwa wakajitafutie. Risasi zikianza, mwenye mbwa anamficha au anamhamishia kwa shemeji kijijini, pamoja na kirusi kama anacho. Wengine wanaouawa walishachanjwa, na nafasi zao zinachukuliwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Tumefanya nini hapo?

Kinachofanya kazi kinajulikana. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena kila mwaka maana wapya wanazaliwa, kirusi kinakosa pa kwenda. Tazama Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilikitokomeza kichaa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje. Wapemba wakachanja tena, na 2018 kikatoweka tena. Kama Pemba imewezekana, huku kwetu bara tunashindwa nini?

Naziomba halmashauri zetu: hela ya risasi inunue chanjo. Na sisi wa mjini tusijifiche nyuma ya geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali". Huyo mkali wako kadi yake ya chanjo iko wapi? Mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu mpeleke kwa daktari wa mifugo, halafu umrudishe kila mwaka kama utakavyoelekezwa.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano. Usipake pilipili wala dawa za kienyeji, na usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Haya, wanaotetea risasi nawasikiliza. Karibuni tubishane.