Kadi Yangu Ina Namba Ndogo

Najua wengi mmefungua ukurasa huu mkitarajia neno la mwezi mpya. Litakuja. Leo nataka tuzungumze habari ya lile boksi la kadi na dadu lililoko ofisini mwa kanisa, maana simu nilizopokea tangu Jumatano zimenichosha.

Kwa ninyi mlio mbali na Kombani: mgeni wetu kutoka Marekani alituachia mchezo wa mezani unaoitwa Strat-O-Matic, uliobuniwa na Hal Richman na kuanza kuuzwa 1961. Ni besiboli ya kuchezea mezani. Besiboli yenyewe ichukulie kama ndugu mkubwa wa raunda, ule mchezo walioucheza dada zetu shule ya msingi. Kila mchezaji ana kadi, na kadi hiyo imekokotolewa kutokana na rekodi yake ya kweli uwanjani. Unarusha dadu tatu. Ya kwanza inakuambia usome safu gani. Mbili zilizobaki unazijumlisha upate mstari. Dadu ya kwanza ikitoa 1, 2 au 3, unasoma kadi ya mpigaji. Ikitoa 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji wa timu pinzani.

"Mchungaji, dadu kanisani?" Nimeulizwa hivyo na wazee wawili na mama mmoja ninayemheshimu sana. Mama, nakujibu kwa upendo. Askari pale msalabani walipiga kura, ni kweli. Lakini mitume nao walipiga kura walipomtafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda, soma Matendo 1. Hapa hakuna hata shilingi inayowekwa mezani. Kamari ninayoiogopa iko kwenye simu za vijana wetu, na za baba zao pia, wanaobeti karo ya shule usiku. Boksi halitoki.

Lakini kilichonifanya niandike si dadu. Ni kadi walizojitengenezea vijana wenyewe.

Walicheza raunda Jumamosi sita mfululizo, nami nikicheza nao, na binti mmoja wa kidato cha pili akawa anaandika kila pigo kwenye daftari. Kisha wakakata karatasi za manila, kila mtu apate kadi yake. Ukihesabu namna zote ambazo dadu zinaweza kuanguka, kadi moja ina nafasi 108. Saba ndiyo namba inayotoka mara nyingi kuliko zote. Mbili na kumi na mbili hutoka kwa nadra. Kijana mmoja (anajijua) aliligundua hilo haraka. Akajiandikia pigo kubwa kabisa kwenye 6, 7 na 8 katika safu zote tatu. Nafasi 48 kati ya 108! Akashinda siku mbili. Siku ya tatu hakupata mtu wa kucheza naye.

Nilicheka. Halafu nikaletewa kadi yangu.

Nilikuwa nimepiga mara 14 na kufanikiwa mara 2. Kwa udakaji nikapewa 4, na katika mchezo huu 1 ndiyo bora, 5 ndiyo mbovu kabisa. Mpendwa, nilimwita yule binti kando nikamwomba anipandishe kidogo. Nilitumia hata neno "madhabahu". Akanitazama kwa adabu zote, akasema, "Pasta, nimehesabu."

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya raunda.

Huko Marekani kulikuwa na mpigaji mweusi aitwaye Josh Gibson. Weusi hawakuruhusiwa kwenye ligi kuu, wakawa na ligi zao. Alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajauvunja ule ukuta. Kwa miaka mingi rekodi zake hazikutambuliwa katika vitabu vya ligi kuu. Watafiti wakaketi na magazeti ya zamani, mechi baada ya mechi, wakihesabu. Mwaka 2009 Strat-O-Matic wakatoa kadi za nyota wa ligi hizo za weusi. Mei 2024 ligi kuu yenyewe ikaingiza hesabu zao: Gibson 372 kwa kila 1,000, juu ya Ty Cobb mwenye 367. Hakuna aliyemwongezea hata pigo moja kwa kumhurumia. Walihesabu tu.

Na hapa niguse mahubiri yangu mwenyewe. Katika mchezo huu, nusu ya matokeo yako haimo kwenye kadi yako. Iko kwenye kadi ya anayekurushia. Nimesimama miaka mingi nikiwahubiria kana kwamba yote yamo kwenye kadi yako: amini tu, utapata. Ndugu yetu aliyepoteza kazi Diani hoteli ilipokosa wageni hakuwa na imani haba. Nilimwambia afunge na kuomba zaidi. Ndugu, nisamehe. Nilikusomea kadi isiyo yako.

Sasa lile lililoninyima usingizi. Kila robo mwaka ninapeleka ripoti ya mahudhurio kwa viongozi walio juu yangu. Ya mwisho niliandika waumini 200. Viti tulivyo navyo ni 120, na havijai. Nilijiambia nanena kwa imani. Mithali 11 inaanza na mizani ya uongo na jinsi Bwana anavyoichukia, na nimeihubiri sura hiyo mara nyingi. Najua kuna atakayeniletea Daudi na sensa yake. Haya, Daudi alihesabu kwa kiburi. Mimi sikuhesabu kabisa.

Jumapili iliyopita nilimwomba yule binti asimame mlangoni na daftari lake. Watu 87, watoto wakiwemo. Jumatatu nimepeleka barua ya kusahihisha, yenye 87 na sababu yake. Jibu bado. Huenda tukakosa msaada wa mabati tuliouomba kwa ile namba ya 200, na kama mvua za masika zitatukuta bila mabati, ujue ni kwa sababu yangu.

Jumamosi saa tisa tunacheza tena. Wazee mnakaribishwa. Daftari litakuwepo.