Mkono Ulioshika Kiberiti

Tukisimulia Vita vya Maji Maji, huwa tunasema Wajerumani walichoma vijiji. Ni kweli, ila si kweli yote. Gavana Götzen na maofisa wake waliamua kuwashinda wapiganaji kwa njaa. Lakini Wazungu walikuwa wachache mno kuifanya kazi ile peke yao. Waliotia moto maghala, wakafyeka mashamba na kuswaga mifugo, kwa sehemu kubwa walikuwa askari Waafrika na rugaruga, wapiganaji wasaidizi wao. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo vya 1905 hadi 1907, na katika njaa iliyoletwa navyo, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Makala hii inawahusu askari hao. Wapo wanaosema tuwaache: walitumwa, na mjumbe hauawi. Sikubaliani nao. Methali hiyo humkinga mbeba maneno. Mbeba kiberiti hamo.

Hapa Dar es Salaam tumewachanganya watu wasiofanana. Kariakoo imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na utapiamlo. Sanamu ya Askari ya 1927, pale Samora, haiko mbali, nasi tunapita tukiwahesabu wapagazi na askari wote kuwa wahanga wa ukoloni. Mpagazi alipewa mzigo. Askari wa Mjerumani alipewa bunduki, mshahara na sehemu ya nyara.

Najua aliyekaidi amri alingojewa na viboko hamsa ishirini, minyororo, pengine risasi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na hakimu mwadilifu angeipima. Inaweza kueleza ghala lililoungua. Haielezi ng'ombe waliogawanwa kambini, wala mwanamke aliyechukuliwa mateka akafanywa mali ya askari.

Kipimo tunacho karibu. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akakulia humo hadi kuwa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu miaka 25. Majaji waliuzingatia utoto wake ulioporwa walipopanga adhabu, lakini hatia ilibaki. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Roma ulioianzisha mahakama hiyo, na mkataba huo hauikubali amri kuwa kinga kwa mauaji ya kimbari wala uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea. Naiheshimu radhi ile, nayo ilichelewa mno. Ilitoka upande wa waliotoa amri. Sidai wajukuu wa askari walaumiwe, dhambi hairithiwi. Nadai vitabu vya shule na makumbusho yetu viandike waziwazi nani aliyewasha moto ule, na alipata nini kwa kuuwasha.